Kila Kitabu Ninachokisifu Kinarudi Hakijasomwa

Habari za kazi, wapendwa wa safu hii.

Mimi ni msomaji wenu wa Tabata. Tuko saba, tunakutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi Sinza, nyumbani kwa mwenzetu. Kila mtu anakuja na kitabu, anaondoka na cha mwenzake. Wengi wao ni watu wa upelelezi na mapenzi. Mimi ugonjwa wangu ni fantasia: falme zisizokuwepo, mazimwi, watu wenye nguvu za ajabu. Wameshanibatiza Mama Majoka.

Shida yangu ni kwamba kila kitabu ninachokisifu kinarudi hakijasomwa, na mimi nikisifu nasifu mpaka povu. Mmoja nilimpa juzuu la kwanza la The Lord of the Rings, akalikokota miezi miwili, akalirudisha akisema halina hata mwisho. Mama mmoja ni mwanakwaya. Nilimwambia "hiki ni cha wachawi, kitamu balaa", hakukigusa. Kaka mwingine naye anampendekezea kila anayepumua mfululizo wa vitabu 14. Kikao kilichopita ndiyo kikaharibika kabisa: mtu akamwaga mwisho wa kitabu wakati wawili bado wanakisoma, mwingine akasema fantasia yote ni mambo ya watoto, nami nikamjibu maneno ambayo sitayaandika hapa.

Mwezi ujao ni zamu yangu kuchagua kitabu kimoja cha wote saba. Nisemeje ili wasome? Na kuna fantasia ya Kiswahili ya kuwapa? Wawili wanasema Kiingereza cha vitabu hivi kinawachosha baada ya kazi.

Mama Majoka, Tabata

---

Mama Majoka,

Jina zuri, usilikatae.

Tumeisoma barua yako mara mbili tukitafuta mahali ulipomuuliza mtu swali kabla ya kumpa kitabu. Hatukupaona. Msomaji wa upelelezi unaweza kumpa riwaya moja baada ya nyingine bila kuuliza, kwa kuwa zote zinaingiliwa kwa mlango uleule: maiti imeonekana, nani kaua? Fantasia si hivyo. Kila kitabu kinamtoza msomaji kiingilio kabla ya kumpa chochote: majina mageni, ramani, historia ya ukoo wa mfalme, masharti ya nguvu za ajabu. Wewe umetaja utamu, kiingilio hukukitaja. Mtu akitozwa asichoambiwa hurudi nyumbani.

Kwa hiyo uliza, na swali la kwanza lisiwe "unapenda nini?" Hapo kila mtu hujibu vizuri na kukudanganya bila kukusudia. Muulize: kitabu gani cha mwisho ulikiacha njiani, na uliachia wapi? Jibu la hapo lina kazi. Aliyeachia kabla ya ukurasa wa 50 mara nyingi kashindwa na lugha au wingi wa majina, si kisa. Huyo mpe kitabu chenye wahusika wachache, au cha Kiswahili. Aliyeachia katikati kachoshwa na mwendo, kwa sababu riwaya nyingi za fantasia huwatembeza wahusika porini sura nne mfululizo; mpe fupi. Aliyemaliza akachukia, usimhurumie: huyo ndiye msomaji wako. Kitabu kilimshika, isipokuwa hakumpenda aliyekiandika au alivyokimaliza. Mwulize zaidi.

Swali la pili: unasoma wapi na saa ngapi? Anayepanda mwendokasi Kimara asubuhi akasimama mpaka Kivukoni hawezi kushika kitabu cha kurasa 800 kwa mkono mmoja huku mwingine umening'inia kwenye bomba. Piga hesabu naye. Tuseme anapata kurasa 20 kwa siku, siku tano kwa wiki. Hizo ni kurasa 100. Kitabu cha kurasa 300 kinakwisha wiki tatu, kabla ya kikao. Cha kurasa 800 kinakula wiki nane, yaani vikao viwili anakaa kusikiliza wenzake wakizungumza asichokijua. Sasa mchukue yule kaka wa vitabu 14. Kama ni The Wheel of Time ya Robert Jordan, maana idadi inalingana, kadiria kurasa 700 kwa kila kimoja, tena hapo tumekuwa wapole: ni wiki 98, karibu miaka miwili bila kugusa kitabu kingine. Mfululizo ule ulianza 1990, mwandishi akafariki 2007, Brandon Sanderson akaumalizia, na cha mwisho kikatoka 2013. Hata wanaoupenda hulalamikia mwendo wa kinyonga kuanzia cha 8 hadi cha 10. Kaka huyo aruhusiwe kupendekeza kitabu cha kwanza peke yake, na aseme waziwazi kwamba nyuma yake kuna vingine 13.

Kuna na mifululizo isiyokwisha. A Song of Ice and Fire ya George R. R. Martin ilianza 1996, cha tano kikatoka 2011, cha sita wasomaji bado wanakisubiri. Wengine hawajali. Wengine ukiwaficha hili hawatakuamini tena.

Swali la tatu liulize faragha, si mbele ya watu: kuna jambo usilotaka kukutana nalo kitabuni? Kifo cha mtoto, ubakaji, mateso. Fantasia ya watu wazima ya miaka hii inavyo vyote hivyo, na jalada halisemi.

Turudi kwa mwenzako wa The Lord of the Rings, kwa sababu alisema kweli na hukumsikia. Tolkien aliiandika kama riwaya moja, mchapishaji akaigawa majuzuu matatu yaliyotoka 1954 na 1955. Juzuu la kwanza halina mwisho, linakatika tu. Halafu lina mahali pawili ambapo watu huanguka. Kwanza ni dibaji ndefu kuhusu hobiti, watu wafupi wa kisa hicho, mila zao na hata tumbaku yao. Inarukwa bila hasara. Pili ni mkutano nyumbani kwa Elrond, mzee wa hekima anayewapokea wasafiri, kwenye nusu ya pili ya juzuu, ambako watu wanakaa kuzungumza sura nzima, tena ndefu, wakitaja wafu wa zamani ambao msomaji hajawahi kuwasikia. Ungemwambia tu "ukifika kwa Elrond vumilia, wakitoka pale safari inaanza," pengine angevuka. Au ungeanza na The Hobbit ya 1937, sura 19, kitabu kinachosimama chenyewe. Sura yake ya 5 ina mtu mdogo aliyepotea pangoni gizani, anategana vitendawili na kiumbe kinachotaka kumla. Mtu aliyekua akiitikia "tega!" haachii hapo.

Mwanakwaya naye si mgumu kama unavyodhani. Neno "uchawi" ulilomtamkia halina uzuri wowote katika Kiswahili. Ukilisema Dar, msikilizaji haoni mzee mwenye ndevu nyeupe na fimbo. Anaona tunguri, ramli, mtoto wa jirani aliyetupiwa jambo, bibi kizee aliyesingiziwa kwa sababu ya macho mekundu. "Mazingaombwe" nayo yamebaki kwa wanaotoa njiwa kwenye kofia. Usihangaike kutafuta neno moja la jumla. Sema mtu anaweza kufanya nini na kinamgharimu nini. Katika A Wizard of Earthsea ya Ursula K. Le Guin, anayejua jina la kweli la kitu anakitawala. Katika riwaya ya kwanza ya Mistborn ya Sanderson (2006), watu humeza chembe za metali wakaziunguza tumboni, kila metali na nguvu yake, na ikiisha tumboni nguvu inakatika. Ukisema hivyo unapata faida mbili: hujamtisha, na umeshampa sharti la kwanza la dunia ile mkononi. Akisikia akasema bado hataki, mwache. Usimfungulie mjadala wa dini kwa ajili ya riwaya.

Uangalifu mwingine ni wa kwetu hasa. Akata Witch ya Nnedi Okorafor (2011) ni riwaya nzuri ya vijana, na mhusika wake mkuu, Sunny, ni msichana mwenye ualbino anayeishi Aba, Nigeria. Humo kuna mtekaji wa watoto. Kwa msomaji wa mbali hicho ni kisa tu. Tanzania, ambako watu wenye ualbino wameuawa kwa imani za kishirikina, zipo kurasa zitakazombana mtu kifua. Hatusemi ukifiche. Sema kabla. Na ukikiona mahali kinaitwa What Sunny Saw in the Flames, ni kilekile, Uingereza walikipa jina hilo. Usinunue mara mbili.

Badala ya kusifu, andika kadi. Karatasi ya ukubwa wa kiganja, uichomeke ndani ya kitabu, imtumikie msomaji kama alamisho pia. Hii hapa ya Le Guin, unaweza kuinakili:

*A Wizard of Earthsea, 1968. Sura 10. Ni cha kwanza katika mfululizo, lakini kisa chake kinaisha humuhumu.*
*Kinamfaa: anayependa bahari, mitumbwi na visiwa, na kijana anayelipia kosa alilolifanya kwa kiburi.*
*Kiingilio: sura tatu za mwanzo zinasimuliwa kwa mbali, mazungumzo machache. Kosa lenyewe linatendeka sura ya 4.*
*Tahadhari: wanawake wana nafasi ndogo. Kuna kuita wafu.*
*Majina: Ged (pia Sparrowhawk), kijana mwenyewe. Ogion, mwalimu wake. Vetch, rafiki. Jasper, mshindani. Gont, kisiwa alikozaliwa. Roke, kisiwa cha shule.*
*Ukimaliza sura ya 4 hakijakushika, rudisha. Huulizwi kwa nini.*

Angalia mstari wa tahadhari. Huo ndio unaofanya kadi iaminike. Mtu akisoma kwamba umekiri kasoro mbili, anaiamini na sifa moja uliyobakiza. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na msomaji akisifiwa kitabu kupita kiasi hukisoma akitafuta maji. (Kwa bahati, mojawapo ya riwaya za mwanzo za fantasia za Kiafrika kwa Kiingereza inahusu mgema: The Palm-Wine Drinkard ya Amos Tutuola, 1952, mlevi anamfuata mgema wake aliyekufa mpaka mji wa wafu. Inachekesha na inatisha, lakini Kiingereza chake kimepinda vibaya sana. Usimpe anayejifunza sarufi.)

Majina kwenye kadi yasizidi kumi, na yaandike kama yalivyo kitabuni. Matamshi msigombanie. Kubalianeni tamshi moja la kikao mwendelee.

Kuhusu kumwaga mwisho, kundi lenu linahitaji mpaka unaopimika. "Usiseme mwisho" hautoshi, kwa sababu kila mtu ana mwisho wake kichwani. Anayependekeza asivuke robo ya kwanza ya kitabu: kwa kitabu cha kurasa 300, ukurasa wa 75 ndiyo kikomo, hata kama jambo tamu liko ukurasa wa 80. Kwenye kikao, kabla ya neno lolote, kila mtu ataje ukurasa aliofikia, na wa nyuma kabisa ndiye anayeweka mpaka. Waliomaliza wakitaka kuzungumza mwisho, wasubiri nusu saa ya mwisho, wenye haraka ya daladala wakishaondoka. Sentensi "subiri ufike mwisho, utashangaa" nayo ni kumwaga mchele penye kuku wengi. Aliyeisikia anasoma kitabu kizima akiwa amejiandaa kushangaa, na hashangai. Hata viambatisho vya nyuma vina hatari hiyo, hasa orodha za koo na wafalme, ambazo zinaweza kuonyesha nani kafa. Mwonye mtu asichungulie huko.

Yule aliyesema fantasia ni mambo ya watoto hakukosea kabisa, na hapo ndipo jibu lako lilipokuwa kali bure. The Hobbit kiliandikwa kwa watoto. A Wizard of Earthsea kililengwa vijana. Martin huwezi kumpa mtoto. Kwa hiyo usimbishie jumla yake kwa jumla nyingine. Mwambie akuonyeshe ukurasa. Akiuonyesha, mna mazungumzo. Asipouonyesha, hajasoma, na wote sita wameona. Sheria hiyohiyo ikubane na wewe ukisema kitabu ni kizuri: ukurasa gani? Soma aya moja kwa sauti, isizidi dakika mbili.

Sasa Kiswahili. Kipo, ingawa kwenye rafu hakijaandikwa fantasia. Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) ni nchi iliyo angani, lakini mwonye anayetaka mapanga na majoka: ni kesi. Karama ameshtakiwa kwa kufundisha sheria na anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita. Anayependa ubishi wa mahakamani atafurahi. Wa vita atalala. Nagona ya Euphrase Kezilahabi (1990) ni kijitabu chembamba ambacho wembamba wake umewadanganya wengi. Humo wakati na mahali havikai palipo, na anayetafuta kisa chenye mwanzo na mwisho atakirudisha kwa hasira. Kiache mpaka mwaka wa pili wa kundi.

Cha kuanzia nacho kwa wote saba, tungekuwa sisi, ni Adili na Nduguze, cha Shaaban Robert pia (1952). Kifupi, mtu wa kurasa 20 kwa siku anakimaliza akabakiwa na wiki za kukirudia. Kina kitu ambacho fantasia yoyote nzuri inacho: jambo la ajabu lenye sharti, na sharti halielezwi mara moja. Adili, mtu mwema kuliko wote kitabuni, kila usiku anawapiga mijeledi manyani wawili. Hataki, lakini anawapiga. Ishia hapo unapopendekeza. Ukisema manyani wale ni nani, umekila kitabu chote, ingawa jina la kitabu lenyewe lina mdomo kidogo. Kwenye kadi, mstari wa kiingilio useme kwamba Kiswahili chake ni cha zamani na kwamba mwandishi anapenda kusimama na kuhubiri. Mwanakwaya atayapenda mahubiri. Mwambie tu mapema kwamba majini wamo. Mwezi unaofuata ndipo ulete Le Guin. Wale wawili wanaochoshwa na Kiingereza wampokee wakiwa na kadi, wasome sura moja kila jioni.

Kupata nakala saba ni kazi yake. Anza Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, na maduka ya vitabu ya Mtaa wa Samora kwa vile vya Kiswahili. Vya Kiingereza vya mitumba vinavyouzwa chini, kando ya barabara za Posta, vikague kabla ya kutoa hela. Mifululizo huingia nchini imevunjika, na cha tatu hukaa peke yake kikijifanya cha kwanza. Fungua kurasa za mbele utafute orodha ya vitabu vya mwandishi huyo uone kilichoko mkononi ni cha ngapi. Kwa Terry Pratchett ni kinyume: riwaya zake 41 za Discworld hazilazimishi mpangilio, na cha kwanza, cha 1983, si mlango mzuri, Mort ya 1987, Kifo anapotafuta mwanafunzi wa kazi, inafungua vizuri zaidi, kwa asiyechoshwa na michezo ya maneno ya Kiingereza. Kisha geuza nyuma kabisa uhakikishe ukurasa wa mwisho upo. Vitabu vinene gundi yake huachia kwa joto la Dar, na kinachodondoka kwanza ni kurasa za mwisho.

Siku ya kikao, wewe uliyependekeza sema wa mwisho. Ukianza wewe, sita watakubaliana nawe kwa adabu au watakupinga kwa mazoea, na hutajua walichosoma. Waanze wao, kila mmoja ataje ukurasa uliomshika au uliomchosha, basi. Usiulize "umekipenda?" Uliza "ulichokea wapi?" Majibu yaandike nyuma ya kadi kwa penseli, aliyechokea ukurasa wa 12 na aliyechokea wa 60 hawapewi kitabu kimoja mwezi unaofuata.